Vifungo Visivyo na Matundu

Kila siku, kabla Sindano hajavua begi la shule mgongoni, sindano kumi za kushonea zilikuwa zikimsubiri mezani kwa baba yake. Kazi yake ilikuwa kuzitunga uzi zote, tano uzi mweupe na tano uzi mweusi, kisha kuzichomeka kwenye kijimto chekundu kando ya cherehani. Zamani baba, fundi cherehani, alizitunga mwenyewe huku anapiga mluzi, bila hata kutazama. Siku hizi alidai viwanda vimeanza kutengeneza sindano zenye matundu madogo.

"Matundu ni yaleyale, baba," alisema Sindano. "Macho ndiyo yamebadilika."

"Tunga uzi, acha hotuba."

Jina hilo la Sindano alipewa na baba huyohuyo alipokuwa na miaka mitatu, kwa sababu ya wembamba wake na ulimi wake. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Wembamba ulikuwa umepungua kidogo. Ulimi, hapana.

Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka. Cherehani ya kukanyaga ilikaa dirishani, kioo kirefu kiliegemea ukuta, na kwenye kona palikuwa na pazia la wateja kujaribia nguo. Alasiri moja dereva mmoja wa lori, mtu mnene mwenye sauti ya honi, alisimama katikati ya chumba kupimwa suruali. Fundi alimzungushia futi kiunoni, akasoma, akaguna.

"Pumua, bwana."

"Nimepumua."

"Umepumua kwenda ndani! Toa pumzi nje, tumbo lirudi mahali pake."

"Ndivyo nilivyo, fundi."

Fundi aliachia futi, akashika kiuno chake mwenyewe. "Kila mteja ni huyohuyo! Mnakaza tumbo kwa dakika moja mbele yangu, halafu mnarudi kulalamika suruali inabana. Unanidanganya mimi au unaidanganya suruali? Mimi nitabaki hapa. Suruali utakwenda nayo."

Dereva alicheka, akaachia tumbo, likashuka. Lakini fundi hakulipima. Alitupa futi begani, akasema, "Nakuja mara moja," na kutoka mbio kwenda uani. Ilikuwa safari ya nne chooni tangu Sindano arudi shuleni, na uzi wenyewe ulikuwa haujaisha kutungwa.

Dereva alitazama saa. "Baba yako anafukuzwa na nani?"

"Na soda, mjomba," alijibu Sindano, akionyesha kwa kidevu chupa mbili tupu chini ya meza. "Anakunywa kwa sababu ana kiu, anakwenda chooni kwa sababu amekunywa, anarudi na kiu. Ndiyo ratiba yake."

"Basi wewe nishikizie kifungo hiki cha shati, maana naona suruali itachukua mwaka."

Sindano alipanda juu ya kigoda, akashusha kopo la vifungo kutoka rafu ya juu kabisa. Alishangaa kulikuta huko. Siku zote lilikaa karibu na pasi. Aliingiza vidole, akachagua kifungo cheupe cha shati, akakibana juu ya kitambaa na kuchoma. Ncha ya sindano iligonga. Akachoma tena, ikateleza. Alikigeuza kile kifungo upande huu na upande ule. Hakikuwa na tundu hata moja.

Alimwaga kopo mezani. Katikati ya vifungo vyeupe kulikuwa na vidonge vyeupe, vingi, vimetawanyika kama mawe kwenye mchele.

Alivijua vidonge hivyo. Miezi minane iliyopita hospitali ilikuwa imesema baba ana kisukari, kile kinachowapata zaidi watu wazima, na tangu siku hiyo mama hakupumzika. Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Aliondoka alfajiri, akapikia wanafunzi mia tatu, kisha akarudi jioni kupika tena chakula cha mtu mmoja: mboga nusu sahani, maharage robo, wali robo, bila nyongeza. Kila Jumapili alikagua pakiti za dawa. Akizikuta tupu alisema, "Afadhali, mume wangu ana akili."

Sindano alimshikizia dereva kifungo cha kweli, dereva akaondoka akiahidi kurudi kesho kupimwa suruali, naye akamsubiri baba mlangoni na vidonge vimejaa kiganjani.

"Hivi ni vifungo vya shati gani?"

Fundi alitazama nyuma yake kwanza, kama mwizi. "Shusha sauti. Vinanichafua tumbo hivyo. Nikimeza asubuhi na chai tupu, siku nzima tumbo linanguruma. Halafu mimi siumwi! Mgonjwa ni yule aliyelala kitandani. Umewahi kuniona nimelala kitandani?"

"Na kliniki je? Mbona kila ukipimwa wanakusifu?"

Hapo fundi akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomchoma Sindano kuliko vidonge. "Akili hiyo, mwanangu. Siku moja kabla ya kliniki sili, natembea, nakunywa maji matupu. Kesho yake nikitobolewa kidole, sukari iko chini, nesi anafurahi, nami narudi na maisha yangu."

Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta wa mbao. "Mbinu hiyo nilimfundisha mimi!" Alikuwa Mzee Gundi, fundi viatu wa chumba cha jirani, ambaye masikio yake hayakujua mpaka wa duka. "Mtu hawezi kunyimwa soda na serikali ya hospitali!"

"Usimwambie mama yako," alisema fundi. "Atanitoa roho kabla ya kisukari."

Sindano aliudhika mpaka masikio yakawa moto. Alitaka kupiga kelele. Lakini alikuwa baba yake, naye alimwomba kwa macho, si kwa ukali. Akavirudisha vidonge koponi, akanyamaza. Kunyamaza huko kulimkera kuliko yote, maana tangu siku hiyo kila mama aliposema "Afadhali, mume wangu ana akili," alihisi na yeye ametia kidole ndani ya lile kopo.

Majuma mawili yakapita, ikafika siku moja kabla ya kliniki. Fundi alikula matango mawili tangu asubuhi. Alizunguka nyumba mara arobaini, akihesabu kwa sauti, mpaka kuku wa jirani wakahamia upande mwingine.

"Ungetembea hivi kila siku," Sindano alisema akiwa dirishani, "ungekuwa mzima."

"Thelathini na mbili! Usinipotezee hesabu!"

Alipomaliza, Mzee Gundi aliingia na kiatu kimoja mkononi. Fundi alikuwa amempelekea viatu vyake vyepesi vya dukani avibadilishe soli, akabaki na soksi na ndara. Kwa kawaida Mzee Gundi aliingia na utani kabla ya miguu. Leo aliingia kimya, akakiweka kiatu juu ya meza, akakifungua mdomo kwa vidole viwili.

"Fundi, hii ni pini yako?"

Pini ya kushikia kitambaa ilikuwa imetoboa soli mpaka kichwa chake kikazama. Ncha ilichungulia ndani, na soli ya ndani ilikuwa na doa la rangi ya kahawia, pana kama kizibo cha chupa.

Fundi alicheka. "Haiwezekani. Ningesikia."

"Vua soksi, baba," alisema Sindano.

"Hakuna kitu—"

"Vua!"

Soksi haikutoka kirahisi. Ilikuwa imegandana na ngozi. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kikubwa kama kifungo cha koti, kingo zake nyeupe, katikati chekundu na chenye majimaji. Sindano alipiga magoti kukitazama.

"Haiumi?"

"Ingeuma ningejua," alijibu fundi, akikishangaa kidonda kana kwamba kilikuwa mguu wa mtu mwingine.

Mzee Gundi aliketi. "Mwaka juzi nilipata mteja mwenye kisukari. Alianza na kidonda kama hicho, akawa anaficha. Baadaye nikamtengenezea kiatu." Alikuna kidevu chake chenye gundi iliyokauka. "Kimoja tu. Cha pili hakikuhitajika."

Sindano alitazama kanyagio la cherehani, lile pana la chuma lililotaka miguu miwili, kisha akatazama mguu wa baba yake.

"Kesho nitavaa soksi mbili," fundi akasema. "Wakikiona watanifungia kazi. Kitapona chenyewe."

Sikio la kufa halisikii dawa! Sindano alitoka nje, akalipiga teke debe la maji, akaumia kidole, akakasirika zaidi kwa sababu yeye kilimuuma.

Asubuhi mama alikuwa tayari amevaa aproni ya kazini. "Leo hakuna shule, nenda na baba yako," alimwambia mlangoni. "Mimi siwezi kuacha masufuria. Wewe ndiye macho yangu."

Macho yangu. Sindano alirudi ndani, akashusha lile kopo, akalitumbukiza kwenye begi.

Nesi wa kliniki alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alimtoboa fundi kidole, akasoma kimashine. "Sita nukta nne. Vizuri sana."

Fundi alimtupia Sindano jicho, kama mtu aliyefunga bao.

"Lakini safari hii tuna kipimo kingine," nesi aliendelea. "Nipe mkono, nivute damu kidogo. Subirini kwenye benchi."

Walikaa saa nzima. Fundi alipiga mluzi. Nesi alipowaita tena, karatasi ilikuwa mbele yake na miwani ilikuwa puani.

"Asilimia kumi na moja nukta mbili. Tulitaka iwe karibu na saba."

"Mashine yenu imeharibika," alisema fundi. "Sasa hivi umeniambia sita!"

"Ile ya kidoleni inaniambia sukari ya dakika hii. Hii inaniambia ya miezi mitatu. Sukari ikizidi hung'ang'ania damu kama rangi inavyong'ang'ania kitambaa. Huwezi kuifua kwa siku moja, mzee." Alichukua kalamu. "Vidonge unameza kila siku?"

"Kila siku, Sista. Muulize binti yangu."

Nesi hakumuuliza. Alikuwa ameshaanza kuandika, na uso wake ulikuwa umechoka. "Basi dawa hii imekushinda. Itabidi daktari akuongezee kali zaidi, labda tuanze na sindano za insulini."

Sindano aliona kalamu ikitembea. Dawa kali, kwa mtu ambaye hajajaribu hata ile nyepesi! Na siku atakayoamua kuzimeza zote, nani atajua kitakachompata? Alimtazama baba yake. Fundi alikuwa amekaa wima, kifua mbele, pumzi ameibana, miguu yenye soksi mbili imefichwa chini ya kiti.

"Baba," alisema Sindano, "pumua."

Fundi aligeuka. "Nini?"

"Pumua. Toa pumzi nje. Unamdanganya Sista, au unaidanganya suruali?"

Kabla hajajibiwa, alifungua begi na kulimimina kopo juu ya meza ya nesi. Vifungo viliruka, vikabingirika, vingine vikaanguka sakafuni. Nesi aliinua kidonge kimoja, akakigeuza kwenye mwanga, akainua kingine. Alivitenga vyote kimyakimya kwa ncha ya kalamu. Vilikuwa mia moja na kumi na tatu.

"Na kuna kidonda mguuni," Sindano alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, ya hasira. "Pini iliingia, hakusikia. Amevaa soksi mbili ili usikione."

Fundi alivuta miguu nyuma zaidi chini ya kiti. Uso ulimshuka. Ungedhani amezeeka palepale kitini.

"Watu wazima!" alisema nesi, akaivua miwani. "Nina watoto hapa wa miaka saba wanaojidunga wenyewe, hawanisumbui. Mtu mzima ana mke, ana kazi, ana akili, anaficha dawa kwenye vifungo! Vua soksi. Zote nne."

Aliosha kidonda, akakichunguza kwa muda mrefu. Kisha akachukua kijiti chenye uzi mfupi wa nailoni kwenye ncha.

"Wewe ni fundi. Wanasema unakitambua kitambaa kwa kukigusa tu."

"Hata nikifumba macho," alijibu fundi kwa sauti ndogo.

"Basi fumba. Nitakugusa nyayo kwa uzi huu. Ukisikia, sema ndiyo."

Fundi alifumba macho. Nesi aligusa kando ya kidonda, uzi ukapinda. Akagusa kidole kidogo, ukapinda. Akagusa hapa na pale, mguu wa kulia na wa kushoto, mara kumi. Sindano alihesabu. Baba yake alikuwa bado amefumba macho, ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza.

"Anza basi, Sista," alisema.

Nesi aliweka uzi chini. "Nimemaliza, mzee."

Fundi alifumbua macho. Hakusema mashine imeharibika.

Ndipo nesi akavuta kiti karibu, na sauti yake ikapoa. "Nisikilize, na wewe binti sikiliza. Chakula unachokula kinageuka sukari kwenye damu. Si soda tu, hata wali na mkate. Sukari hiyo ni kama uzi: haifai kitu mpaka iingie ndani ya tundu la sindano, yaani ndani ya mwili wenyewe, ikawe nguvu. Anayeitunga ni insulini. Nani anakutungia uzi nyumbani?"

"Huyu."

"Basi mwilini mwako matundu yamekuwa magumu. Huyu wa ndani anatunga, uzi hauingii. Anajitahidi mara mbili, mara tatu, mpaka anachoka. Uzi unarundikana mezani. Ndiyo sukari iliyojaa damuni. Figo zinaimwaga pamoja na maji, ndiyo maana una kiu na choo hakiishi. Sukari hiyo inaharibu macho, inaua hisia za miguu, kidonda kinakataa kupona."

"Ni soda zilizonipa?"

"Soda zimesaidia kukuharibu, lakini si peke yake. Kukaa kutwa kwenye kiti, uzito, na ukoo. Kwenu yuko aliyewahi kuwa na kiu kama hiyo?"

Fundi alifikiri. "Mama yangu. Alikufa na kidonda cha mguu. Tulisema amerogwa."

"Hakurogwa. Na kisukari hakiambukizi, kwa hiyo binti yako hatakipata kwa kula nawe, ila kwa damu ya ukoo naye yumo hatarini kukipata. Acheze, akimbie, asizoee soda. Wewe kidonda tunakisafisha kila baada ya siku mbili, na daktari atakupa dawa ya vijidudu. Mguu huo usikanyage cherehani. Vidonge ni vilevile, lakini utavimeza katikati ya chakula, si na chai tupu, tumbo litatulia. Kwa nini hukuniambia vinakusumbua?"

"Niliona aibu, Sista."

"Aibu!" alisema nesi, akaanza kuokota vifungo sakafuni.

Njiani fundi alitembea taratibu. Sindano alitembea hatua moja nyuma, akisubiri kukemewa. Karibu na nyumbani baba alisimama kupumzisha mguu.

"Mama yako nitamwambia mimi mwenyewe," alisema.

Alimwambia jioni ileile. Mama alisikiliza mpaka mwisho na mwiko mkononi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mficha maradhi kilio humfichua. Kilio chenyewe kilikuwa kiwe changu," akageuka kukoroga sufuria, na fundi akatamani angepigwa na ule mwiko.

Majuma yaliyofuata yalikuwa magumu. Cherehani ilikaa kimya, kazi zikahamia mikononi, na wateja walinung'unika. Mzee Gundi, kwa kujutia ushauri wake, alimtengenezea rafiki yake viatu vya soli nene na ndani laini, akakataa shukrani. Sindano alifunga sumaku kwenye fimbo, na kila jioni aliipitisha sakafuni kukusanya pini. Kisha alishika kioo chini ya nyayo za baba yake, naye fundi akakagua mwenyewe, kidole kwa kidole. Kidonda kilipungua kikawa kama kifungo cha shati, kikawa kama kichwa cha pini, mwisho kikafunga. Baada ya miezi mitatu kile kipimo kisichodanganywa kilisoma saba nukta tatu. Ganzi ya miguu haikuondoka, na nesi alisema huenda isiondoke kamwe, kwa hiyo kioo kiendelee.

Balaa likawa jingine: fundi sasa hakunyamaza. Kila mteja alihubiriwa. Mzee Gundi alipitishiwa ukutani mafundisho ya soda mpaka akaenda kupimwa ili apate amani.

Siku moja Sindano alirudi shuleni, akakuta mezani sindano tisa tu. Ya kumi ilikuwa mkononi mwa baba yake. Alikuwa ameinyanyua dirishani, ulimi nje, anajaribu. Uzi ulipita kushoto, ukapita kulia, ukaingia.

"Matundu yamepanuka, baba?" aliuliza Sindano.

"Sukari imeshuka, macho yamerudi kidogo. Na wewe ulimi haujashuka hata kidogo."

Dereva wa lori alikuwa amesimama katikati ya chumba, amekuja kupimwa suruali nyingine. Fundi alimzungushia futi, akasoma, akaguna. Kisha akamwita binti yake aje karibu.

"Njoo usikie, maana wewe ndiye uliyenifundisha. Mimi nilimkazia nesi tumbo miezi na miezi, nikadhani nimemshinda. Lakini nesi jioni anakwenda kwake, na mwili unabaki nami. Ugonjwa wangu hautaisha, nitaishi nao. Nilichoweza kuacha ni uongo, na nilipouacha ndipo dawa ilipoanza kufanya kazi. Anayekupima mwambie ukweli, mwanangu, hata kama unakuaibisha."

Alimgeukia mteja. "Sasa wewe bwana, kwa mara ya mwisho, pumua!"

Dereva alipumua. Kilikuwa kiuno kikubwa, na fundi alikiandika jinsi kilivyokuwa.